Meneja wa Jumanne na Alhamisi

Nilistaafu ualimu nikiwa na nia moja tu, kulisha ng'ombe wangu huko Dundori na kutokanyaga tena mkutano wowote wenye ajenda. Nia hiyo ilidumu mpaka mkutano mkuu wa kwanza wa ushirika wetu wa maziwa. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango, na mpango wangu ulikuwa kutoroka kabla ya maombi ya kufunga. Mtu fulani akapaza sauti, "Mwalimu si yuko hapa? Mwekeni kwa kamati!" Watu wakapiga makofi kabla sijageuka kuona ni nani aliyeniuza. Sikuchaguliwa kwa hekima. Nilichaguliwa kwa sababu naweza kuandika barua ya Kiingereza bila kuomba msaada, na kwa sababu mjane ambaye watoto wake wako mbali hana kisingizio cha kukataa.

Ushirika wenyewe si mkubwa. Ni jengo la mawe kando ya barabara, lenye mizani, ofisi mbili, ukumbi wa viti vya plastiki, na tangi la kupozea maziwa ambalo sote tunaliheshimu kuliko tunavyoheshimiana. Kila asubuhi watu huleta maziwa, wengine kwa punda, wengine kwa bodaboda, wengine wamebeba mtungi begani huku pumzi zikiwatoka kama moshi kwa baridi ya huku juu. Maziwa hupimwa, humiminwa kwenye tangi, na mchana gari la kiwanda hupanda kutoka Nakuru kuyachukua. Yasipopoa vizuri, kiwanda huyakataa.

Meneja wetu wa zamani alituacha ghafla baada ya kupata wito wa kuhubiri. Kiti chake kikakaa wazi miezi kadhaa, na kwa kweli maziwa hayakujua kama hakuna meneja. Yaliendelea kuja na kwenda. Lakini Mwenyekiti wetu alikuwa na wasiwasi. Huyu ni mzee mrefu, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa, mtu asiyevua koti hata jua likiwa utosini, na akisema jambo hulisema polepole hivi kwamba ukitaka kupinga unakuta umeshasahau ulitaka kupinga nini. Alikuwa amealikwa kwenye semina katika hoteli moja mjini, akarudi na habari.

"Kuna kampuni Nairobi inakodisha mameneja," akatuambia.

"Wanakodisha vipi, Mwenyekiti?" nikauliza.

"Kama trekta. Unalipa zile siku anakulimia."

Wanakamati wakatikisa vichwa kwa ridhaa. Mtu mwenye shahada mbili, aliyewahi kuongoza makampuni, na sisi tungemlipa siku mbili tu kwa wiki. Siku nyingine angekuwa mzigo wa watu wengine. Ilionekana kama tumeipiga Nairobi chenga.

Akaja. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye viatu safi ambavyo tulivitazama kwa huruma kwa kuwa ilikuwa msimu wa mvua. Siku zetu zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Jumatano na Ijumaa alikuwa meneja wa shamba la maua upande wa Naivasha. Jumatatu, alisema, ilikuwa siku yake ya kufikiri. Mwenyekiti aliguswa sana na hilo. Hakuwahi kusikia mtu aliyetenga siku nzima.

Mkutano wake wa kwanza na wanachama ulikuwa Alhamisi. Alisimama mbele ya ukumbi uliojaa akina mama wa mabuti na wazee wa makofia, akazungumza vizuri, kwa Kiswahili cha kujichunga, kuhusu ubora na soko. Kisha akafunga hotuba kwa sauti ya kutia moyo: "Na ninawaahidi kwamba mwaka huu maua yetu yatapendwa kuliko ya mtu mwingine yeyote!"

Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu akageukia jirani yake. "Maua gani?"

"Maziwa," meneja akasema haraka. "Nimesema maziwa."

Watu wakampigia makofi ya kumsaidia. Lakini tangu siku ile vijana wa bodaboda wanaobeba maziwa walimpa jina la Maua, na jina hilo halijamtoka hadi leo.

Kusema kweli hakuwa mbaya. Jumanne alikagua, akauliza maswali, akaandika barua kwa kiwanda kwa lugha iliyowafanya watujibu. Alhamisi alikagua aliyoyaagiza Jumanne. Saa kumi kamili alifunga kompyuta yake, akaaga kila mtu, akateremka zake. Siku ambazo hakuwapo, wafanyakazi walijiamulia wenyewe, na wakikosea walijitahidi kurekebisha kabla ya Jumanne. Nilimuuliza kijana mmoja wa bodaboda anamwonaje meneja mpya.

"Boss ni mpoa, mathe," akaniambia. "Lakini ako kama stima. Leo iko, kesho haiko, na wewe unapanga maisha yako hivyo hivyo."

Baada ya miezi kadhaa ile kampuni ya Nairobi ikatuandikia kutukumbusha kwamba mkataba unataka tumtathmini, tuseme kama anakifaa kiti cha uongozi. Mwenyekiti akaunda kamati ya watu watatu: yeye mwenyewe, mimi kwa sababu ya Kiingereza, na mteja wetu mmoja ili ionekane ni haki.

Mteja huyo alikuwa bibi mwenye hoteli ya chai na maandazi mjini Nakuru, karibu na soko, ambaye hununua maziwa yetu kila siku. Babu yake aliletwa bara na kazi ya reli, akaoa, akabaki. Familia yao imekaa Nakuru vizazi vitatu lakini Kiswahili hawakukiacha kikachafuka. Mimi niliyefundisha Kiswahili maisha yangu yote, nikikaa naye, nilijikuta nikichunga viambishi vyangu kama mwanafunzi wa mtihani. Alikuwa anavaa buibui, anacheka kwa nadra, na alikuwa hana hofu na mtu yeyote mwenye koti.

Tulikutana kwenye ukumbi na maswali ya kampuni mezani. Nikayatafsiri moja moja. La kwanza liliuliza kama kiongozi ana upeo wa mbali.

"Upeo wa mbali anao," Mwenyekiti akasema. "Si anakaa Nairobi?"

"Hapana, Mwenyekiti, wanauliza kama anaona mambo yajayo."

"Hayo aone Jumatatu. Ndiyo siku yake ya kufikiri."

Swali la pili liliuliza kama kiongozi amejifunga na utamaduni wa taasisi. Bibi akauliza utamaduni wetu ni upi. Mwenyekiti akasema utamaduni wetu ni kusalimiana, na hapo ndipo yule mtu alipokosea, maana alisalimia watu kama anayewahesabu. Hakuuliza mvua. Hakuuliza watoto. Kwa maoni yake, hafai.

"Mimi nataka maziwa mazuri," Bibi akasema. "Maziwa yanakuja mazuri. Salamu nitapewa na jirani zangu."

Mimi niliona kila mmoja ana hoja, na hiyo ndiyo kazi ya mtu anayeandika ripoti. Tukaahirisha.

Kabla hatujakutana tena, ikaja Jumatano ya balaa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na asubuhi, tangi likiwa limejaa maziwa ya moto moto kutoka kwa ng'ombe, transfoma ya barabarani ikalia mara moja kama bunduki, ikanyamaza. Mtambo wa kupoza ukazima. Tuna jenereta ya shida kama hizo. Tukaikimbilia stoo, tukakuta nafasi tupu na doa la mafuta sakafuni. Msimamizi wa mapokezi akakumbuka kwamba Mwenyekiti aliiazima kwa harusi ya mpwa wake, na harusi ilishapita. Tukampigia Mwenyekiti. Akasema jenereta iko salama kabisa, iko Molo.

Tukapiga simu kiwandani watuletee gari mapema. Wakasema gari letu limeingia gereji, gia imekufa, tusubiri kesho. Nilisimama kando ya lile tangi, nikaweka kiganja juu ya chuma chake, na nikasikia joto. Nje, wanachama waliokuwa wameshafikisha maziwa yao walikuwa wamejikinga mvua chini ya ukingo wa bati wakitutazama kupitia mlangoni. Afadhali wangepiga kelele.

Nikampigia meneja. Alipokea kwa sauti ya chini, kama mtu aliye ndani ya mkutano.

"Mwalimu, leo ni Jumatano," akasema kwa upole.

"Najua ni Jumatano. Maziwa hayajui."

Nikamweleza. Akaniuliza mitungi mikubwa ya chuma tunayo mingapi. Nikamwambia ipo mingi, ya zamani, kabla ya kununua tangi. "Iosheni kwa maji ya moto," akasema. "Jazeni. Nipe muda kidogo."

Tukawasha moto wa kuni nyuma ya jengo, tukaosha. Mimi mwenyewe nilikunja mikono ya sweta nikasugua mitungi pamoja na akina mama. Tulikuwa hatujamaliza kujaza wakati lori kubwa jeupe lilipokata kona likayumba kwenye matope na kusimama mbele yetu. Ubavuni lilikuwa limechorwa waridi jekundu refu kama mtu. Lilikuwa lori la friji la lile shamba la maua. Lilikuwa limetoka Molo, kwenye shamba lao dogo la huko, likiteremka Naivasha na shehena.

Dereva akashuka akiwa na uso wa mtu aliyeambiwa afanye kitu asichokielewa. "Boss amesema nishushe maua nipakie maziwa," akasema. "Sasa haya maua niyashushe wapi, mathe?"

Nikamwonyesha ukumbi.

Tuliyashusha ndoo kwa ndoo, waridi za kila rangi, zikiwa bado zimefumba. Tukazipanga kati ya viti vya plastiki mpaka hapakuwa na pa kupita. Kisha mitungi ikapandishwa, milango ikafungwa, ubaridi ukawashwa mpaka mwisho, na lori la maua likateremka hadi kiwandani Nakuru na maziwa yetu. Jioni nikapigiwa simu. Yamepokelewa yote. Yule msimamizi wa mapokezi aliketi juu ya ngazi akalia kidogo, halafu akaenda kunyoosha mizani kana kwamba ilikuwa imepinda.

Alhamisi meneja akaja kama kawaida. Alisimama mlangoni mwa ukumbi akatazama zile ndoo. Waridi zilikuwa zimeanza kufumbuka zote kwa pamoja.

"Hizi zilikuwa ziende Ulaya," akaniambia.

"Watakuja kuzichukua?"

"Ua likishafumbuka hivi haliuziki tena, Mwalimu. Wape akina mama."

Tukawapa. Wakazibeba nyumbani kwa punda na bodaboda, na Jumapili ile makanisa ya huku juu yalipambwa vizuri kuliko Krismasi yoyote niliyoiona. Katika kanisa letu Mwenyekiti alisimama akamshukuru Mungu kwa maziwa na kwa maua. Jenereta hakuitaja.

Wiki iliyofuata tulisikia habari kutoka kwa meneja mwenyewe, naye aliisema kana kwamba anasimulia hali ya hewa. Wenye shamba la maua walikuwa na kamati yao ya tathmini. Nao walikutana, nao wakapitia maswali yale yale ya kampuni, wakafikia uamuzi kwamba hakifai kiti. Walisema moyo wake uko kwingine.

"Na uko kwingine?" nikamuuliza.

"Mwalimu, mimi moyo wangu uligawanywa kwa mkataba," akajibu. "Siku ile ulitakiwa uwe kwao. Nilishindwa."

Kamati yetu ikakutana siku hiyo hiyo. Sasa Mwenyekiti alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisema tumepata kiongozi, mtu wa kujitoa, mtu anayejua shida ya mkulima. Tusimwache na siku zisizo na kazi. Tumchukue wiki nzima. Kama kwa siku mbili ametufanyia haya, kwa siku sita atatufanyia nini?

Bibi alikuwa akichovya andazi kwenye chai. "Huyo alikusaidieni kwa kuwa alikuwa kwengine," akasema. "Angelikuwa hapa siku ile, angelisimama nanyi kando ya tangi akitoa macho. Lori angelitoa wapi?"

"Bibi, hiyo ni bahati," Mwenyekiti akasema.

"Basi bahati yenyewe ndiyo mnayotaka kuifukuza."

Tulipiga kura. Mwenyekiti akainua mkono. Mimi nilikuwa nikifikiria sura ya yule mtu akitazama waridi zikifumbuka, nikainua wangu. Bibi akamalizia chai yake. Nikaandika ripoti ya Kiingereza, nikasema kwamba kiongozi amefaa kupita kiasi.

Akahamia Nakuru, akapanga nyumba ya vyumba viwili, akanunua mabuti. Siku ya kwanza ya utumishi wake kamili alifika kabla ya punda. Siku ya pili pia. Watu walifurahi. Kufikia mwisho wa mwezi hakuna aliyefurahi tena.

Si kwamba alifanya kosa. Alikuwepo tu. Ofisi yake ilikuwa na dirisha linalotazama mizani, na kila mtungi ulipopimwa aliuona, na kila alipouona aliwaza namna ya kuupima vizuri zaidi. Akaanzisha kikao cha kila asubuhi, wafanyakazi wakiwa wamesimama, eti kiwe kifupi. Kilikuwa kirefu, na watu wamesimama. Akabandika ukutani maneno ya dira na dhamira. Akasema tusiitwe wanachama, tuitwe wabia. Msimamizi wa mapokezi, mwanamke ambaye zamani alikuwa akirekebisha mambo kimya kimya kabla ya Jumanne, sasa aliacha kila kitu mezani kwa meneja. Bomba likivuja, alimwita. Punda akigoma kusogea, alimwita.

"Wewe zamani si ulikuwa unamaliza haya mwenyewe?" nikamuuliza.

"Zamani bosi hakuwako, Mwalimu. Sasa yuko. Nikifanya mwenyewe nitaonekana namdharau."

Meneja naye akaanza kukonda. Siku moja alikuja nyumbani kwangu na mabuti yenye tope, akaketi jikoni, nikampa chai. Alitaka kujua kama watu wanamchukia. Nikamwambia hawamchukii, wamemzoea. Akaniambia hicho ndicho alichokiogopa. Alikuwa amefanya kazi ya kukodiwa miaka mingi, na kila mahali alikuwa mgeni anayesubiriwa. Hakuwahi kukaa mahali mpaka watu wakajua anapenda chai ya aina gani.

"Na siku ya kufikiri?" nikamuuliza.

"Sina tena. Sasa nafikiri kila siku, na ndiyo maana wanateseka."

Tukacheka, na nadhani hapo ndipo tulipokuwa marafiki.

Jambo lililovunja chungu lilikuja kwa nia njema. Meneja aliamua kwamba kama yeye alitathminiwa, basi ni haki kila kiongozi atathminiwe, wakiwemo wanakamati. Maana sisi nasi, alisema kwa heshima zote, ni viongozi wa muda: tunakuja siku ya kikao, tunakunywa chai, tunaamua, tunaondoka. Aliamua kumtembelea kila mwanakamati shambani kwake aone ufugaji wake. Kwangu alikuja, akasifu banda, akalaumu majani. Kisha akaenda kwa Mwenyekiti.

Naomba ieleweke kwamba jambo alilolikuta huko halikuwa siri. Kila mtu wa Dundori alilijua. Mwenyekiti wetu wa ushirika wa maziwa hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Aliuza wa mwisho zamani, viazi vilipopanda bei, na shamba lake lote lilikuwa viazi mpaka kwenye ua. Lakini ni mzee mzuri, anajua kufungua mkutano kwa sala na kuufunga, na hakuna aliyeona haja ya kumuuliza. Meneja, ambaye hakuzaliwa huku, aliuliza.

"Ng'ombe wako wapi, Mwenyekiti?"

Mke wa Mwenyekiti, aliyekuwa akipalilia, alinisimulia baadaye kwamba mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba walikuwa hapo sasa hivi.

"Wamepumzika," akajibu.

Kikao cha kamati kikaitishwa kesho yake, na nilipomwona Mwenyekiti akiingia, koti limefungwa vifungo vyote, nilijua. "Anatupima sisi?" akasema. Safari hii hakusema polepole. "Mtu tunayemlipa sisi ndiye anatupima? Huyo hafai. Nilisema tangu mwanzo hafai. Salamu zilimshinda!"

Alitaka afukuzwe siku hiyo hiyo. Wanakamati wengine walitazama sakafu. Nilimpigia Bibi simu palepale mezani, nikaweka sauti wasikie wote, nikamweleza.

"Mwenyekiti yupo hapo?" akauliza.

"Nipo," Mwenyekiti akasema.

"Nakuheshimu, mzee wangu. Huyo kijana alipokuja kwenu siku mbili alikuwa dawa. Mkamnywesha mgonjwa chupa nzima. Sasa mwalaumu dawa? Mrudishieni siku zake mbili. Nawe, usighadhibike, nunua ng'ombe mmoja. Mmoja tu. Wa kuonekana."

Mtu mmoja pembeni akaanza kucheka, akajaribu kugeuza kicheko kiwe kikohozi, hakuweza, na wote tukamfuata. Mwenyekiti alivumilia kwa muda. Halafu akafungua kifungo kimoja cha koti, kisha cha pili, na nilimwona akitikisika mabega. "Mitamba ni ghali sasa," akasema. Hiyo ilikuwa kura yake.

Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia meneja. Nilimkuta ofisini, amegeuza kiti, mgongo kwenye dirisha, ili asione mizani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumlainisha, nikaanza na mvua na mazao. Akanikatiza.

"Ni siku mbili?" akauliza.

"Siku mbili."

"Zipi?"

"Zile zile."

Akavuta pumzi ndefu, akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia asante kama mtu aliyepandishwa cheo. Siku hiyo aliondoka saa kumi kamili. Asubuhi iliyofuata, ambayo haikuwa yake, bomba la maji lilivuja, na msimamizi wa mapokezi akalifunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli bila kumuuliza mtu.

Mwenyekiti alinunua mtamba mweusi mwenye mimba kubwa na baka jeupe usoni. Hakujua tena kumshika, na mara ya kwanza alikanyagwa mguu, akaja kikaoni akichechemea, na watu wakampa heshima ambayo hakuwahi kuipata kwa sala. Sasa ng'ombe yule amezaa, na maziwa yake kidogo, yanayoletwa na mke wa Mwenyekiti, hupimwa mbele ya watu wote.

Miezi michache baadaye, nikiwa jikoni na sufuria ya ugali motoni, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja wa Rongai, katibu wa kikundi chao cha wakulima wa mahindi wenye ghala. Alisema wanataka kumchukua meneja wetu kwa siku asizokuwa kwetu, na ameelekezwa kwangu kama mtu aliyemtathmini. Mwiko mkononi, simu begani, nikaanza kumweleza kwamba ni mtu mzuri, mwaminifu, ila kuna jambo la kuangalia.

"Mwalimu, niko na wanakamati hapa," akanikata. "Tunataka tu kusikia ndiyo ama hapana. Anafaa?"

Ugali ulikuwa unaanza kushika. "Ndiyo," nikasema. "Lakini—"

"Asante sana, Mungu akubariki," akasema, nikasikia makofi upande wa pili, na simu ikakatika. Nilijaribu kumpigia. Laini yake ilikuwa inatumika, na baadaye wageni wakaja, na baadaye nikaona labda si kazi yangu.

Nasikia wamempa siku zote zilizobaki, mpaka Jumamosi. Huku kwetu hufika Jumanne akiwa hoi, anakaa kimya, anakunywa chai, haulizi kitu, na mambo yanakwenda vizuri mno.